Milima ya Kigali kabla ya kamera

Nilikulia Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, katika kibanda cha baba yangu aliyekuwa fundi baiskeli. Babu alitoka Ujiji akifuata biashara, akavuka nchi hadi kwenye mji ambao Mjerumani Richard Kandt aliuanzisha mwaka 1907 juu ya kilima cha Nyarugenge. Waislamu wengi waliokuja na misafara na utawala, wengine kutoka pwani, wengine kutoka ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, walikaa kwenye mgongo wa kilima hichohicho, na Kiswahili chao kimebaki pale mpaka leo. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na vilima nilivyovijua utotoni vikaonekana duniani kote. Watangazaji walitaja urefu wake, mwinuko wake na mawe yake. Waliokuwa wakivipanda miaka arobaini kabla hawakutajwa. Hao niliwafahamu, kwa sababu baiskeli zao zilipita mikononi mwa baba, na baadaye mikononi mwangu.

Kigali ni mji wa migongo na mabonde. Barabara kubwa hufuata migongo ya vilima, na chini kuna vinamasi ambavyo zamani vilikuwa vya mafunjo na viazi vitamu. Mji uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,500, na mlima unaobeba jina lake, nyuma ya mtaa wa Nyamirambo, unafika kama mita 1,850. Sisi tuliokaa juu tulikuwa na taabu moja ya kudumu: kila safari ilianza kwa mteremko na kumalizika kwa mlima. Unatoka nyumbani na nguvu zako zote, huna haja ya kukanyaga. Unarudi umechoka, keria imejaa, na hapo ndipo mlima unapoanza.

Baiskeli nyingi tulizozitengeneza zilikuwa Phoenix za China, nyeusi, za chuma kizito, zenye breki za vyuma virefu vinavyoshuka kutoka kwenye usukani. Ni baiskeli imara sana. Ziliundwa kwa ajili ya tambarare, na gia yake ilikuwa moja tu, ndiyo hiyohiyo uwe unapita uwanja wa mpira au unapanda Shyorongi na magunia mawili ya makaa. Nazieleza hivi kwa heshima. Zilisomesha watoto, zilipeleka wagonjwa hospitali, zilileta maziwa mjini kila asubuhi. Mafundi wa leo wanaoshika fremu za nyuzi za kaboni wanastahili kujua kwamba hapahapa kulikuwa na mafundi waliounga fremu iliyokatika kwa kuchomelea bomba la maji ndani yake, na fremu hiyo ikaendelea kubeba mzigo kwa miaka.

Mteja akifika, kabla ya kuitazama baiskeli, baba alimwuliza swali lilelile.

"Unapita wapi, ndugu?"

"Shyorongi, fundi."

"Basi weka mzigo chini. Tunaanza na breki ya nyuma."

Mimi nilidhani ni maamkizi tu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba baba, ambaye hakuwahi kuendesha mbali zaidi ya Gitarama, alizijua barabara zote za kuingia Kigali kwa kutazama kilicholika kwenye baiskeli. Kila barabara ilikuwa na namna yake ya kula chuma. Aliyetoka Bugesera, ambako njia ya kwenda Nyamata ilikuwa bado ya vumbi, alileta mnyororo uliokauka na gololi zilizosagika, kwa sababu vumbi lile jembamba liliingia ndani ya ekseli hata ukifunga kwa kitambaa. Aliyetoka Rwamagana na Kayonza, mashariki, alileta matairi yaliyoisha katikati na karibu hana tatizo jingine, maana upande ule vilima vimelala kidogo na mtu anakanyaga kwa muda mrefu bila kushuka. Aliyetoka Gitarama alikuja na spoki zilizolegea. Barabara ya lami ya Gitarama ilikuwa nzuri, ila mzigo wa kule ulikuwa mkubwa, na kule kupanda kutoka daraja la Nyabarongo hadi Ruyenzi, mtu akisimama juu ya pedali na kuyumbisha baiskeli kushoto na kulia, gurudumu la nyuma lilipinda taratibu bila mwenyewe kujua.

Wa Shyorongi alileta breki zilizokwisha.

Nitakaa kidogo kwenye barabara hiyo, kwa sababu kwangu ndiyo barabara kuu ya baiskeli katika nchi ile, hata kama mwaka 2025 dunia ilitazamishwa kwingine. Unatoka Nyabugogo, kwenye mabasi na soko, unafuata bonde tambarare hadi Giticyinyoni, karibu na pale mto Nyabugogo unapoingia Nyabarongo. Hapo njia inagawanyika. Kushoto unavuka daraja uende Gitarama na Butare, miji ambayo tangu 2006 inaitwa Muhanga na Huye. Kulia unaanza kupanda kuelekea Ruhengeri, Musanze ya leo, kama kilomita 90 kutoka Kigali. Hakuna utangulizi. Kona ya kwanza inakukuta na pumzi za bonde, ya pili inazimaliza, na baada ya hapo unapanda mamia ya mita, kona juu ya kona, Nyabarongo ikipungua chini yako hadi inakuwa uzi wa kahawia. Ukifika Shyorongi unadhani umemaliza. Mbele kuna Rulindo, kuna baridi, kuna mteremko wa kwenda Base, na baada ya Gakenke kuna Buranga, mlima mwingine mzima, kabla hujaanza kuona volkano.

Wabebaji mizigo waliipanda barabara hiyo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kusukuma. Mtu alishika usukani kwa mkono mmoja na fimbo iliyofungwa nyuma ya siti kwa mkono mwingine, akainamisha kichwa, akatembea. Njia ya pili ilikuwa kushika lori. Malori yaliyorudi Gisenyi na kreti tupu za chupa, au yale ya masafa marefu yenye madereva wa Kiswahili waliotoka Mombasa na Dar es Salaam, yalipanda polepole mno, na kijana mwenye mkono wenye nguvu aliweza kushika chuma cha nyuma na kuvutwa hadi juu. Madereva wengine waliwafukuza, wengine walipiga honi mara moja kuwaambia kona kali inakuja, washike vizuri. Ilikuwa hatari kubwa na watu walikufa kwa njia hiyo. Sitaki mtu asome hapa akaona ni ushujaa wa kuigwa. Lakini mkulima aliyeamka saa tisa za usiku kuwahi soko la Kigali, na ambaye jioni alipaswa kurudi kilomita hizo zote juu, hakuwa na chaguo pana.

Hatari yenyewe ilikuwa kwenye kushuka. Rimu zile zilikuwa za chuma. Chuma kikikauka, raba ya breki hukikamata. Chuma kikilowa, raba huteleza juu yake, na kati ya Machi na Mei mvua ya Kigali hainyeshi kwa adabu. Mtu mwenye magunia mawili ya viazi, kwenye lami iliyolowa, kona inakuja, anabana breki kwa mikono yote miwili na baiskeli inaongeza mwendo. Ndiyo maana utaona wazee wa enzi ile wanakanyaga tairi la mbele kwa soli ya kiatu cha tairi wanapotaka kusimama: ilikuwa breki yao ya tatu. Baba alikata raba za breki kutoka kwenye matairi ya lori yaliyochakaa, akazichonga kwa kisu kilichochovywa majini, akazifunga zikiwa zimeinama kidogo ili ncha ya mbele iguse rimu kwanza. Alisema raba ikigusa bapa yote kwa mara moja hupiga kelele na kuteleza. Miaka mingi baadaye nilimwona fundi wa timu ya mbio akiziinamisha raba zake vilevile.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa bingwa wa kunyoosha rimu nyumbani. Baba alimpa gurudumu, yeye akalitundika kwenye uma uliogeuzwa juu, akalizungusha huku akisikiliza spoki zinavyogusa kucha yake, akakaza hii, akalegeza ile, mpaka gurudumu likazunguka bila kuyumba. Kazi hiyo aliifanya uani. Barabarani, msichana juu ya baiskeli alikuwa jambo la kuzomewa, na hakuwahi kuendesha baiskeli hata moja kati ya zile alizozinyoosha. Nilimsikitikia wakati ule na bado naliona kuwa dhuluma.

Kisha ukaja mwaka 1988, mbio za kuzunguka Rwanda zikafanyika kwa mara ya kwanza. Nyamirambo kulikuwa na klabu iliyobeba jina la sinema ya palepale, Ciné Elmay, na waendeshaji wake tuliwaona alfajiri wakiteremka kwa kundi baada ya adhana, kimya, sauti ya minyororo tu. Baiskeli zao zilikuwa na gia za kubadilisha kwa vijiti viwili vilivyofungwa kwenye bomba la chini la fremu, na mikanda ya ngozi ya kufunga mguu kwenye pedali. Sisi watoto wa mafundi hatukutazama sura zao. Tulitazama meno ya nyuma, tukahesabu. Mmoja wao alikuja kwa baba kutafuta gololi za ukubwa fulani, zilizokosekana mjini, na baba akamtolea kutoka kwenye kopo lake la akiba, akakataa pesa. Kijana yule alisema wanakwenda kujifua Shyorongi, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Baba akamtazama breki.

Mshindi wa mwaka ule alikuwa Célestin Ndengeyingoma. Mwaka 1989 alishinda Omar Masumbuko, na jina la Omar likatajwa mitaani kwetu kwa fahari ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyejua Biryogo ilivyokuwa ikidharauliwa na watu wa ofisini. Mwaka 1990 alishinda Faustin Mparabanyi. Siku waendeshaji wa mbio walipoingia Kigali nilisimama upande wa Nyabugogo, pale bonde linapokwisha na mji unapoanza kupanda. Kilichobaki kichwani mwangu ni wabebaji mizigo. Walikuwa wameegesha Phoenix zao kando ya barabara, zikiwa na mikungu ya ndizi na majerikeni, na waliwatazama waendeshaji hao kwa macho ya watu wa kazi moja. Wakati wengine wakipiga kelele, wao waliambizana kwa sauti ya chini nani amechoka, nani bado ana miguu, nani amebadilisha gia mapema. Walisema kweli kila mara. Walikuwa wameisoma ile milima kwa mapaja yao.

Oktoba 1990 vita vilianza kaskazini. Barabara ya Gatuna, inayopita Nyacyonga na kupanda hadi kwenye mabonde ya chai kabla ya mpaka wa Uganda, ilikuwa ya kwanza kutuachia wateja. Waliotoka upande ule walikuja tena wakiwa na magodoro kwenye keria, siyo mazao. Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza, na zile barabara zote nilizozitaja zikawa na vizuizi, na kwenye vizuizi watu waliuawa kwa sababu ya walivyozaliwa. Biryogo wapo Waislamu waliowaficha majirani chini ya vitanda na juu ya dari. Wapo pia waliofanya uovu. Nyuso kadhaa nilizokuwa nikiziona alfajiri zikishuka kwa kundi sikuziona tena, na wateja wa Shyorongi, wa Gitarama, wa Nyamata, wengi hawakurudi kuchukua baiskeli zao. Baba alizitunza. Alizitundika ukutani kwa miaka, akakataa kuuza hata sproketi moja kutoka kwenye mojawapo, mpaka alipofariki.

Mbio zilirudi mwaka 2001, na Bernard Nsengiyumva akashinda. Baadaye Wamarekani wawili, Tom Ritchey na Jonathan Boyer, wakasaidia kuunda timu ya taifa, na Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake mwaka 1994, akaendesha kwenye Olimpiki ya London 2012. Mwaka 2009 mbio zetu ziliingia kwenye kalenda ya shirikisho la dunia, na 2014 Valens Ndayisenga akawa Mnyarwanda wa kwanza kuzishinda tangu hapo. Haya yameandikwa vizuri na wengine, sina haja ya kuyarudia.

Tarehe 28 Septemba 2025 nilikuwa Kimisagara, kando ya ukuta unaoitwa Kwa Mutwe: mita 400 za mawe, mwinuko wa asilimia 11. Wanaume walikuwa na kilomita 267.5 za kwenda, na jumla ya kupanda mita 5,475. Tadej Pogačar alishambulia kwenye mlima wa Kigali, zaidi ya kilomita 100 kabla ya mwisho, akaondoka na ubingwa. Walioanza walikuwa 165, waliomaliza 30. Watu walijaa juu ya mapaa, kwenye miti, kwenye ngazi za nyumba. Siku moja kabla, kwenye mbio za wanawake alizoshinda Magdeleine Vallieres wa Kanada, dada yangu alikuwa kando yangu, na kila kundi lilipopita alitazama magurudumu.

"Hayayumbi," aliniambia.

Yeye na mimi hatukubaliani kuhusu jambo moja. Anasema Kwa Mutwe ndio mlima mgumu kuliko yote ya mji. Mimi nasema mita 400 ni za nguvu tu, mtu mwenye nguvu hubana meno na kufika. Mlima wa Kigali wenyewe, karibu kilomita sita, ni mtihani mkubwa zaidi. Lakini barabara inayompima mwendesha baiskeli kwa haki ni ile ya Giticyinyoni hadi Shyorongi na kuendelea, kwa sababu inamtaka ajue kupanda, ajue kushuka, na ajue kwamba bado kuna Buranga. Vijana wa klabu za leo wanaoniuliza wapite wapi asubuhi ya Jumamosi nawaambia hivyo: ondokeni mapema kabla ya malori, mpande Shyorongi, mkate hadi Base kama miguu ipo, mrudi kwa tahadhari. Mkitaka kupumzisha magoti, nendeni Nyamata, barabara sasa ni lami na vilima vyake ni vya huruma. Msishike lori kamwe.

Waliopanda kabla yenu bado wapo wachache. Wengine wanauza kadi za simu Nyabugogo, wengine wanalima Rulindo, na kila mmoja anajua kona za barabara yake na majina ya waliokuwa wakipanda pamoja naye. Ninaowaomba ni nyinyi wenye picha za miaka ile, za mbio za 1988 hadi 1990, au za mzee yeyote aliyesimama na Phoenix yake yenye mzigo mbele ya kibanda cha fundi. Zitoeni kwenye masanduku. Mpelekeeni mtu mwenye umri wa kuwatambua waliomo, andikeni majina yao kwa kalamu nyuma ya picha pamoja na barabara waliyokuwa wakipita, na mfanye hivyo mwaka huu, wakati mtu huyo angali hai.